Neno Lililorudi kwa Akina Gerbeth

Jumatatu, tarehe 5 Februari 1973, Edeltraud Gerbeth hakufika kwenye zamu ya asubuhi ya kiwanda cha mapazia cha Obergrün, na hakutuma taarifa. Alikuwa ameanza kazi pale akiwa na umri wa miaka kumi na minne, na sasa alikuwa na thelathini na sita. Katika muda wote huo hakuwahi kukosa siku bila ruhusa. Kabla ya mapumziko ya chai, ukumbi mzima ulikuwa umeshaona kwamba mashine za Traudel, kama walivyomwita, hazijawashwa.

Siegmar Petzold, msimamizi wa zamu, aliinama karibu na sikio la Herta Dölling. Kwenye ukumbi wa kufuma, mtu asipopaza sauti hasikiki.

"Traudel anaumwa?"

"Jana nimemwona anaanua nguo. Mzima kabisa."

"Basi mpitie ukitoka. Ninyi mnakaa mtaa mmoja."

"Na wewe msimamizi unafanya nini? Umeajiriwa kunusa mafuta ya mashine?"

"Mama Herta, usinianze. Mpango wa mwezi umeshalala chali tayari."

Herta alikuwa na miaka hamsini na minane, mjane, ulimi wake hauna breki. Alasiri alipanda ngazi za nyumba ya akina Gerbeth na kumkuta Edeltraud jikoni, amevaa koti la kutokea na kilemba cha kazini, ameketi mbele ya kahawa ya shayiri iliyokwisha kupoa.

"Unakwenda wapi?" Herta aliuliza.

"Kazini."

"Kazini saa hizi? Zamu imekwisha, mwenzangu."

Edeltraud alimtazama kama mtu aliyeambiwa habari za mji mwingine. Alikuwa amevaa tangu alfajiri. Alimpeleka binti yake Ines, mwenye miaka minane, hadi mlango wa nje, chini ya ngazi, akampa mkate wenye jemu, akamwona anakwenda shule. Kisha akashika kitasa ili naye atoke, na mkono ukakataa. Alisimama hapo mpaka miguu ikachoka, akapanda kurudi jikoni. Kesho yake ikawa vilevile, na siku iliyofuata pia.

Mama yake, Frieda, alikuwa amezikwa wiki mbili kabla. Majirani walidhani ni msiba tu, na kwa sehemu walikuwa sahihi. Wasichokijua ni alichosimulia Frieda siku chache kabla ya kukata roho.

Edeltraud alilelewa na kanuni moja: usikose kazi. Frieda alikwenda kiwandani na homa, alikwenda na kidole kilichovunjika, alikwenda siku ambayo theluji ilifika madirishani. Binti alidhani ni tabia ya mama. Kumbe ilikuwa hofu. Baba yake Edeltraud, Gustav Gerbeth, alikuwa mnoa visu na mrekebisha miavuli aliyezunguka vijiji vya Vogtland na fidla mgongoni. Msimu wa harusi alipiga fidla, msimu wa baridi alilala sana. Hakuiba wala hakupiga mtu. Hakuwa na mwajiri, basi. Mwezi wa Juni 1938, enzi za mafashisti, polisi walipita mjini na karandinga wakikusanya watu wa namna yake, wakamkuta uani anaosha miguu. Walimruhusu avae viatu. Edeltraud alikuwa bado hajatimiza miaka miwili. Gustav alifia katika kambi ya wafungwa, kwenye kilima cha karibu na Weimar, majira ya baridi ya 1940.

Mwaka mmoja baada ya Gustav kuchukuliwa, daktari alimwita Frieda, akamuuliza maswali ya hesabu na ya majina ya miji, akaandika kwamba akili yake ina kasoro ya maadili. Frieda alifungwa kizazi kwa nguvu ya sheria. Ndiyo sababu Edeltraud hakuwa na mdogo wake.

"Daktari asiandike kitu juu ya kichwa chako," Frieda alimwambia binti yake kutoka kitandani. "Mguu, sawa. Tumbo, sawa. Kichwa, usimwache akiguse hata akikubembeleza."

Kwa hiyo Edeltraud, aliyehitaji karatasi moja tu ya daktari ili awe mgonjwa mbele ya serikali, hakwenda kuitafuta. Herta alimsihi.

"Nenda pale zahanati, useme neva zimechoka. Nusu ya kiwanda neva zimechoka! Atakupa wiki mbili za kupumzika."

"Siendi."

"Kwa nini?"

"Siendi, mama Herta."

*

Neno lililomchukua Gustav na kuuchukua uzazi wa Frieda ni kivumishi: asozial. Halikuzaliwa uwanjani wala sokoni. Lilishonwa na wasomi mezani kwao, miaka ya kuelekea mwanzo wa karne ya ishirini, kwa vipande viwili: herufi ya Kigiriki inayokanusha, na neno lililotoka katika Kilatini, ambalo mzizi wake ni mwenzi, mtu mnayesafiri naye njia moja. Maana ya kwanza haikuwa na sumu kubwa. Ni yule asiyeshirikiana na wenzake. Madaktari wa akili walilichukua, wakawakabidhi maofisa wa ustawi, na maofisa wa ustawi wakalipeleka kwa polisi. Katika kila mkono lilimopita liliongezewa watu: mlevi, kahaba, ombaomba, mwenye watoto wengi, anayehamahama, asiye na mwajiri. Mwishoni halikuwa tena likieleza kitendo cha mtu. Lilieleza damu yake.

Kambini kila mfungwa alishonewa kitambaa cha pembetatu kifuani. Wapinzani wa kisiasa walipewa chekundu. Walioitwa kwa neno hili walipewa cheusi. Vita vilipokwisha na sisi tukapata dola mpya ya wafanyakazi, wenye kitambaa chekundu waliheshimiwa inavyostahili. Kila mwaka watoto wa shule waliweka maua kwenye jiwe lenye majina yao, na watoto wao waliitwa watoto wa mashujaa. Wenye kitambaa cheusi hawakuwekwa kwenye jiwe. Kisha mwaka 1968 dola hiyohiyo ilitunga sheria mpya ya makosa ya jinai, na katika kifungu cha 249 neno la zamani likaketi tena, safi, limepigwa pasi. Mtu mwenye nguvu anayekwepa kazi kwa ukaidi angeweza kufungwa hadi miaka miwili.

Herta hakuyajua haya ya rangi. Aliishi mtaa ule mwaka 1938, aliliona karandinga, na alisikia baadaye kwamba Gustav amefia kambini. Kwake yeye kambi ilikuwa kambi.

*

Luteni Wappler, polisi wa eneo letu, alikuja mwishoni mwa Februari. Alivua kofia, akafuta viatu kwenye mkeka, akaomba kahawa. Upole wake ulimtisha Edeltraud kuliko kelele.

"Bi Gerbeth, usiogope. Naangalia tu."

Alifungua kabati la chakula: viazi, kabichi, mkate, chupa ya maziwa. Aliingia chumbani, akainua mto wa Ines, akanusa, akaurudisha mahali pake na kuunyoosha.

"Mtoto anakula?"

"Anakula, Ndugu Luteni."

"Baba yake?"

"Alirudi kwao Rostock kabla mtoto hajatembea."

"Basi huyu ana wewe tu." Aliketi. "Sikiliza. Mimi si adui yako, na mimi nina binti wa umri huuhuu. Lakini wiki ya nne hii hufanyi kazi, huna karatasi ya daktari, na majirani wanauliza. Unajua sheria inaiitaje hali hii?"

Edeltraud alijua. Wappler alilitamka neno lile hata hivyo, polepole, kama mtu anayemsomea mwenzake jina la ugonjwa.

"Ukifungwa, mtoto anakwenda kituo cha watoto. Siyo hapa. Pengine Zwickau, pengine mbali zaidi. Na wakimpeleka, kumrudisha ni shughuli. Hiyo ndiyo hali halisi. Kahawa nzuri, asante."

Jioni Ines alirudi kutoka shule na swali, juu ya neno lile la asozial ambalo watoto walikuwa wamelifupisha.

"Mama, asi ni nini?"

"Nani kakwambia?"

"Falk. Kakataa kunishika mkono kwenye mstari. Anasema mama yake kasema mimi ni asi na inaambukiza."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nikampiga."

Edeltraud alikata mkate vipande vyembamba, vyembamba kuliko kawaida. Usingizi ulimkimbia tangu siku hiyo. Kila hatua ya kiatu kwenye ngazi ilikuwa ya mtu aliyekuja kumchukua mtoto, hata ilipokuwa ya jirani mwenye ndoo ya makaa. Alimkataza Ines kukimbia, kucheka kwa sauti, kuchelewa hata kidogo. Alipiga deki ngazi za nyumba nzima, zamu yake na zamu za wengine. Mlango wa nje tu ndio uliomshinda.

*

Njia ya kutokea ilikuwepo, na Petzold ndiye aliyeileta. Sheria iliruhusu brigedi, yaani kikundi cha wafanyakazi wa zamu moja, kumchukulia mwenzao dhamana: wote wanakubali kumlea, kumsimamia na kuripoti, na mwendesha mashtaka anaweka faili pembeni. Kikao kilipangwa Ijumaa, tarehe 9 Machi, baada ya zamu ya asubuhi. Edeltraud alitakiwa kufika mwenyewe na kusema kosa lake mbele ya wote.

Herta ndiye aliyemtoa. Alimshika kiuno kama bibi harusi, akafungua mlango yeye mwenyewe.

"Funga macho kama unataka. Mimi naona kwa wawili."

"Mama Herta, miguu..."

"Miguu inajua njia. Imeipita miaka ishirini na mbili. Twende."

Bwalo la kiwanda lilikuwa bado na masalio ya Siku ya Wanawake iliyoadhimishwa jana yake: maua mekundu kwenye glasi, makombo ya keki kwenye vitambaa vya meza. Wanawake waliketi wakiwa na nyuzi nyeupe nyweleni. Luteni Wappler alikaa karibu na dirisha, kofia magotini. Edeltraud aliwekwa mwisho wa meza, peke yake upande huo.

"Haya," alisema Petzold. "Ndugu Gerbeth, tuambie."

"Nilikosa kazi. Nimewaongezea wenzangu mzigo. Naomba radhi."

"Sababu?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Mlango."

Mtu alicheka, akajizuia. Ramona Uebel, mfumaji kijana mwenye mdomo mkubwa kuliko wote, aliinua mkono bila kusubiri ruhusa.

"Hata mimi mlango wa kiwanda hunitisha alfajiri! Jamani, mimi nasema arudi. Mwezi mzima nafuma mapazia yake na yangu, mume wangu amesahau sura yangu."

"Ana bahati!" alidakia mwingine, na bwalo likacheka kweli. Hata Wappler alitabasamu. Edeltraud aliona mabega ya wenzake yakishuka, na kwa mara ya kwanza tangu Februari alivuta pumzi hadi chini.

"Atarudi lini?" Petzold aliuliza.

"Jumatatu. Mama Herta atanipitia."

"Kila siku?"

"Kila siku," alisema Herta. "Akikataa nambeba."

"Basi mimi sina la zaidi. Wanaokubali tuchukue dhamana..."

Mikono ilikuwa imeanza kunyanyuka juu ya meza. Hapo Herta alisimama. Aliona mambo yanakwenda vizuri, akataka yaende vizuri kabisa, ili mtu asije kurudi nyuma kesho. Edeltraud aliuona uso wake, akaelewa kabla ya neno la kwanza. Aliinuka nusu. "Mama Herta, inatosha," alisema, lakini hakuna aliyemsikia.

"Ngojeni kwanza. Ndugu Luteni naye asikie. Huyu si mtu wa mitaani. Mimi namjua baba yake, Gustav. Mafashisti walimchukua pale uani, mimi naona kwa macho yangu, wakamwua kambini. Huyu ni mtoto wa mhanga wa ufashisti! Frieda alinyamaza miaka yote, hakuomba hata jina kwenye lile jiwe. Na sisi leo tunamweka mwanawe mwisho wa meza kama mwizi? Tuone haya!"

Alikaa, ameridhika. Wanawake walitazamana kwa heshima. Petzold aligeuka kwa Wappler kama mtu anayetaka kusema: basi, yamekwisha.

Wappler hakuwa akitabasamu tena. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama karani.

"Alikuwa na kitambaa cha rangi gani?"

Herta hakuelewa. Alimtazama Edeltraud amsaidie.

Angeweza kusema chekundu. Neno lilikuwa mdomoni, na bwalo zima lilikuwa likilingoja; wangelipokea kwa makofi. Lakini simu moja tu kwenda Weimar ingetosha, na aliyejivika heshima ya mashujaa kwa uongo hahurumiwi. Angesema hajui, Wappler angekwenda kutafuta mwenyewe, na angegundua kwamba yeye alijua akaficha.

"Cheusi," alisema.

"Sikukusikia."

"Cheusi, Ndugu Luteni."

Waliokuwa vijana hawakuelewa mpaka mwanamke mmoja mtu mzima alipomnong'oneza jirani yake, na jirani akamnong'oneza mwingine. Ilipita meza nzima. Mtu mmoja alisema, kwa sauti isiyo ya ubaya, sauti ya mtu aliyepata jibu la fumbo: "Kumbe ni ya ukoo."

"Hivyo sivyo nilivyosema!" Herta alipiga meza. "Walimwua! Rangi inahusu nini?"

"Asante kwa kusema kweli, Bi Gerbeth," alisema Wappler. Aliiweka kofia mezani na kuandika kitu kifupi.

Petzold alikohoa. Aliita kura kwa sababu alikuwa ameshaianza. Mkono wa Herta ulipanda peke yake, wima. Mkono wa Ramona ulifika begani, ukageuka, ukaondoa uzi nyweleni. Petzold alitazama mezani, akakunja vidole. Wengine waliangalia maua.

"Brigedi haichukui dhamana," alisema Petzold. "Samahani, Traudel. Ningekuwa peke yangu..."

*

Kwenye vyango vya makoti Herta alimfuata akilia, pua nyekundu.

"Nilitaka kukusaidia. Mungu anajua, nilidhani watakuinua."

Edeltraud alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, mpaka cha juu. Alikuwa mtulivu kwa namna iliyomwogopesha Herta zaidi kuliko matusi.

"Umenivunjia nyumba, mama Herta."

"Nipige, basi. Nitukane."

"Nikikutukana nitapata nini? Mchukue Ines."

"Nini?"

"Una kazi. Nyumba yako safi, hakuna wa kukuona kasoro. Hujavaa rangi yoyote. Mchukue kabla hawajamchukua wao. Leo, twende wote, nikiwa hapa bado."

Herta alifuta uso kwa kilemba. "Mimi mtu mzima, Traudel. Sijalea."

"Anakula kila kitu isipokuwa figo. Anapiga watoto wakimtukana, usimzuie sana."

Wappler alikuwa akitoka bwaloni. Herta alimkata njia, kifua mbele.

"Ndugu Luteni. Mtoto atakaa kwangu. Kuna kizuizi?"

Luteni aliwatazama wanawake wawili. Pengine alimfikiria binti yake mwenyewe, pengine alifikiria karatasi za kituo cha watoto ambazo asingelazimika kuzijaza.

"Mwende idara ya vijana kabla haijafungwa," alisema. "Mama asaini kwamba anamkabidhi mtoto kwa hiari. Wakiniuliza, sitapinga."

Walikwenda. Edeltraud alivuka barabara mbili na kupita mlango wa ofisi ile bila kushikwa mkono, na baada ya kusaini alitapika kwenye theluji nyuma ya jengo. Herta alimshikia kilemba.

Jumatatu Edeltraud aliingia kazini kwa zamu ya asubuhi, akasimama kwenye mashine zake, akafunga nyuzi zilizokatika. Hakuna aliyemfukuza wala aliyemsemesha, isipokuwa Ramona aliyemwekea kipande cha keki kwenye ukingo wa dirisha na kuondoka haraka. Faili lilikuwa limeshafika kwa mwendesha mashtaka.

Jumatano, tarehe 14 Machi, Luteni Wappler na mwenzake walimchukua asubuhi getini pa kiwanda. Ines alikuwa darasani. Mchana alitoka shule na mkoba wake na kwenda kwa Herta Dölling, nyumba ya tatu kutoka kwao, ambako aliishi mpaka mama yake alipotoka gerezani Aprili ya mwaka uliofuata.